Tunahamia Kisumu na watoto wadogo: je, mkubwa abaki Njoro kwa nyanya yake?

SWALI: Nimepata uhamisho wa kazi kutoka Nakuru kwenda Kisumu kuanzia Septemba. Tuna watoto wawili: msichana wa miaka 5 aliye PP2 (darasa la mwisho la chekechea), na mvulana anayetimiza miezi 6 mwezi huu wa Julai. Mume wangu ni mfanyabiashara, kwa hiyo anaweza kutangulia. Mama mkwe wangu wa Njoro anashauri msichana abaki kwake hadi amalize mwaka wa shule, kwa sababu ya malaria na kwa kuwa huko hatujui mtu. Tangu asikie habari za kuhama, msichana ameanza kukojoa kitandani. Tumwache? Na tukienda naye, tujiandae vipi? — Mama wa wawili, Nakuru

JIBU: Hongera kwa uhamisho, dada, na pole kwa mashuka unayofua kila asubuhi. Mimi ni muuguzi wa watoto, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa Kisumu, katika kliniki ambako akina mama waliohamia kutoka Nakuru, Nyeri na Eldoret huja na kitabu cha mtoto mkononi na maswali kama haya yako. Nikujibu lile kubwa kwanza ili usiendelee kusoma ukiwa na wasiwasi: msimwache. Hameni wote wanne likizo ya Agosti, na PP2 aimalizie Kisumu.

Mama mkwe wako anasema kwa upendo, na hoja yake ya malaria ni ya kweli. Nitaifikia, maana ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu huu. Ila mtoto wa miaka mitano hana kipimo cha muhula. Ukimwambia utamchukua Novemba, haoni Novemba iko wapi. Anachoona ni kwamba mama, baba na mtoto mchanga wamepanda gari na yeye ameachwa mlangoni. Kumbuka pia kwamba ni juzi tu alipokonywa nafasi ya kuwa mtoto pekee. Atajiuliza alikosa nini, na hatakuuliza wewe. Nimewaona watoto walioachwa nyuma kwa nia njema kabisa. Wakiletwa baadaye hawasumbui, na upole wenyewe ndio unaonitia shaka: wanamfuata mama hadi chooni, hawataki taa izimwe, hawamwachi hata aende dukani. Kwa kawaida hao huchelewa kutulia kuliko waliokuja na wazazi siku moja wakilia njia nzima.

Na kumwacha kwa ajili ya malaria hakumsaidii. Kinga ambayo watoto wa kando ya ziwa wanayo imetokana na kuumwa na mbu na kuugua mara kwa mara tangu uchanga. Akikaa Njoro miezi mitatu zaidi hataipata, na atakapofika mwisho wa mwaka atakuwa mgeni wa malaria vilevile. Kitu kitakachomlinda ni mtakachofanya nyumbani, na hicho mnaweza kukifanya Agosti.

Kwa upande wa shule, muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote, na kwa PP2 hakuna mtihani wa kuogopa. Faida ya kuingia Kisumu muhula huo ni kwamba Januari, Gredi ya 1 itakapoanza, ataingia darasani na watoto anaowajua majina. Tangu Katiba ya 2010, elimu ya awali iko chini ya serikali za kaunti na shule za msingi chini ya serikali kuu, lakini shule nyingi za umma zina madarasa ya PP katika uwanja huohuo wa shule ya msingi. Tafuta ya namna hiyo, na siku ya kwanza umuulize mwalimu mkuu waziwazi kama nafasi ya Gredi ya 1 ipo, usije ukahamisha mtoto mara mbili ndani ya miezi minne. Kabla hamjaondoka Nakuru, chukua ripoti zake za tathmini, barua ya kuhama, na nakala kadhaa za cheti cha kuzaliwa, kisha uthibitishe na shule kwamba wamemwachilia katika mfumo wa wizara kama wameshamsajili. Jambo hili la mwisho huwasumbua wazazi wengi: mtoto yuko Kisumu, jina lake bado liko Nakuru, na mwalimu wa kuliondoa amekwenda likizo. Lifanye shule kabla hazijafungwa.

Sasa huko kukojoa kitandani. Mtoto aliyekuwa amezoea kuamka mkavu akianza tena kukojoa baada ya habari kubwa nyumbani, mara nyingi ni hofu inayotafuta pa kutokea. Usimgombeze wala kumtania mbele ya watu, na usimnyime maji ya kunywa. Tandika nailoni chini ya shuka, mwamshe aende haja ndogo kabla nawe hujalala, na asubuhi badilisha shuka bila hotuba. Lakini akilalamika maumivu anapokojoa, akipata homa, au akiwa na kiu isiyo ya kawaida, mpeleke akapimwe mkojo. Tusiseme kila kitu ni mawazo.

Habari ya kuhama mpe kwa vitu anavyoweza kuviona. "Tunaenda mahali pazuri" hakumwambii chochote. Mwambie nani atakuwepo na nani hatakuwepo, kitanda chake kitawekwa wapi, nani atampeleka shule asubuhi, baiskeli yake inakuja au haiji. Kama dada wa kazi haendi nanyi, mwambie mapema na umpe nafasi ya kumuaga, maana kwa mtoto huyo ni mtu wa nyumbani kama ninyi. Baba akitangulia kuona nyumba, achukue video ya chumba chake, mlango, choo na uwanja wa kuchezea, naye aitazame mara nyingi atakavyo. Aage pia mwalimu na marafiki. Usimwahidi kwamba mtarudi, kama hamrudi. Mwahidi kitu mnachoweza kutimiza, kama kumpigia nyanya simu kila Jumapili baada ya kanisa, halafu mtimize hata siku ambayo mmechoka. Na nikuombe jambo moja kwa moyo wote: yale mazungumzo ya watu wazima kuhusu makabila, uchaguzi uliopita na nani hawezi kuishi na nani, myafanye mtoto akiwa mbali. Mnadhani amelala, kumbe anasikiliza, na kesho yake ataingia darasa jipya akiwaogopa watoto ambao hawajamfanyia lolote.

Kuhusu siku yenyewe ya kuhama, ushauri wangu ni mmoja na nimeurudia kwa wengi: mizigo itangulie usiku mmoja. Baba aondoke na lori asubuhi, alale Kisumu, na kazi yake ya jioni hiyo iwe vitanda na neti tu. Jikoni kungoje. Wewe na watoto mlale kwa jirani au Njoro, mfuate kesho yake mapema. Mtoto anayefika jioni kwenye nyumba tupu yenye mwangwi, godoro chini na watu wazima wakibishana kuhusu kabati, usiku huo halali, na kesho yake pia hawezi kulala. Lakini akifika saa saba mchana akakuta kitanda chake kimetandikwa shuka lilelile la Nakuru, huanza kuzunguka nyumba mwenyewe. Shuka hilo usilifue kabla ya safari. Liache na harufu ya nyumba mliyotoka.

Njia mnaijua: Salgaa, Mau Summit, Kericho, halafu mnashuka hadi Awasi na Ahero. Safirini mchana, hasa kwa ajili ya malori ya kipande cha Salgaa na ukungu wa Kericho. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takribani mita 1,130, na katikati mnapanda juu zaidi kabla ya kuteremka. Mtoto mchanga masikio humuuma wakati wa kuteremka, kwa hiyo mnyonyeshe mkiacha Kericho. Kufika Awasi utasikia joto limebadilika. Wavue watoto sweta hapohapo, usingoje kufika. Kila mwaka naletewa watoto wachanga waliotoka nyanda za juu wakiwa wamefungwa blanketi mbili na kofia ya sufu katika joto la Kisumu, wekundu, wamejaa vipele vya joto shingoni na mgongoni, na mama anaamini ni tetekuwanga. Nguo moja nyepesi ya pamba inatosha mchana. Vipele hivyo huisha mtoto akiogeshwa, akikaushwa vizuri na kukaa mahali penye hewa, bila mafuta mazito.

Tufike kwenye malaria. Nakuru mbu ni kero. Kisumu mbu ni ugonjwa, na ugonjwa huo upo mwaka mzima, ukizidi baada ya mvua. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Mtoto wa jirani yenu mpya anaweza kupata homa leo na keshokutwa yuko uwanjani. Wenu, ambaye damu yake haijawahi kukutana na vimelea hivyo, anaweza kuzidiwa kwa siku moja au mbili. Nawe pia, dada, na baba watoto. Hamna kinga zaidi ya watoto wenu.

Neti zianze usiku wa kwanza kabisa, na ndiyo maana nasema ziende na lori. Ziwe zilizotiwa dawa. Zikitoka kwenye pakiti, zitandazwe kivulini siku moja kabla ya kulaliwa, kwa hiyo mzifungue mkiwa bado Nakuru. Baba abebe nyundo, misumari na kamba, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga hazina mahali pa kufungia neti, na hicho ndicho kisingizio ninachokisikia zaidi: neti tunayo, ila hatujapata pa kuitundika. Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote. Ya mkubwa iwe pana kiasi kwamba mkono wake hauigusi akijinyoosha, maana mbu huuma kupitia neti ngozi ikigusana nayo. Mdogo alale ndani ya neti mchana pia. Ifueni kwa sabuni ya kawaida na muianike kivulini, kwani jua kali na dawa za kuondoa madoa huharibu dawa iliyomo. Katika kaunti hizi, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa neti bure kliniki, kwa hiyo mkienda na mdogo, iulizie.

Wakati wa kulala wa mkubwa ubaki uleule wa Nakuru. Kama alikuwa analala saa mbili usiku baada ya uji na hadithi, Kisumu iwe saa mbili, uji, hadithi, kisha ndani ya neti. Jambo hili moja linamtunza mara mbili: usiku usiobadilika unamtuliza, na kuingia ndani ya neti mapema kunampunguzia saa za kuumwa. Familia nyingi zinazohamia huku hulegeza usiku kwa sababu ya joto. Watoto hukaa barazani hadi saa nne wakipunga hewa, miguu wazi. Kama lazima mkae nje, wavae suruali ndefu na mikono mirefu ya kitambaa chepesi. Na mkubwa anaweza kuogopa radi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri au usiku kwa ngurumo nzito ambazo mtoto wa Nakuru hajazizoea. Mwingize ndani ya neti na ukae naye hadi ipite.

Homa ikitokea, apimwe siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi kuona itakuwaje, na usinunue dawa ya malaria bila kupimwa kwa kuwa jirani amekwambia huku kila homa ni malaria. Kipimo cha tone la damu kidoleni huchukua kama dakika 15 au 20. Uliza mapema ni nani mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Serikali ilizindua wahamasishaji wapatao 100,000 nchini mwaka 2023, na katika kaunti za malaria wanaweza kupima na kutibu malaria isiyo kali nyumbani kwako. Mtoto akipewa dawa, ni ya siku tatu, na dozi ya pili hufuata masaa manane baada ya ile ya kwanza, si kesho yake. Mpe pamoja na chakula au maziwa, kwani dawa hiyo huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe. Na amalize hata kama siku ya pili anaruka kwenye makochi. Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja ni hizi: degedege, kutapika kila kitu, kukataa kunyonya au kunywa, kulegea na kulala kusiko kwa kawaida, kupumua kwa shida, mkojo mweusi, au viganja kuwa vyeupe. Kabla hamjamaliza wiki ya kwanza, nenda mchana, kwa miguu au kwa tuktuk, hadi hospitali iliyo karibu inayopokea watoto usiku. Ujue geti lake na mlango wa watoto uko wapi. Saa tisa usiku si wakati wa kuuliza njia.

Kwa mdogo kuna habari njema ambayo huenda hujaambiwa Nakuru, kwa sababu huko haimo katika ratiba. Ipo chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, na imelengwa kaunti nane za magharibi: Kisumu, Homa Bay, Siaya, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga na Bungoma. Mtoto hupewa dozi nne, akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Wako atafika akiwa ametimiza saba, kwa hiyo hajachelewa sana. Mpeleke kliniki wiki hiyohiyo ya kufika, umwambie muuguzi kwamba mmehamia kutoka Nakuru na hajaanza chanjo ya malaria. Atakupangia tarehe, angalau wiki nne zikipita kati ya dozi na dozi kwa zile tatu za mwanzo. Ile ya miezi 24 ndiyo wazazi wengi huisahau, maana mtoto amekua na kliniki imekuwa jambo la zamani. Iandike mahali. Mkubwa amepita umri wake. Na chanjo haiondoi neti, kwa kuwa inapunguza malaria, hasa ile kali, bila kuizuia yote.

Kabla ya kuondoka Nakuru, mdogo apate vitamini A ya miezi sita, na ukague kitabu cha kliniki kuona kwamba zile chanjo za wiki 6, 10 na 14 zote zimeandikwa na tarehe. Kitabu hicho kisiwekwe kwenye lori. Kikae kwenye mkoba wako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kipimajoto, dawa ya homa ya watoto na pakiti chache za ORS (unga wa kurudisha maji mwilini mtoto akihara) na zinki. Akitimiza miezi tisa, Oktoba, atahitaji chanjo ya surua na rubela, na hiyo ni ileile popote mlipo. Hakikisha pia watoto wote wawili wamesajiliwa chini yenu katika SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hamjahitaji kulazwa mahali.

Nyumba nisiiongelee sana, ninyi mnajua mfuko wenu. Ila usichague kwa kodi tu. Angalia maji yanasimama wapi mvua ikinyesha, kwani upande wa tambarare za Kano na Nyamasaria hufurika, wakati Riat iko juu na ina upepo. Madirisha yawe na wavu wa mbu, au mkubaliane na mwenye nyumba muuweke wenyewe. Na iwe karibu na shule, kwa sababu mtoto anayejifunza mji mpya hapaswi pia kuamka saa kumi na moja.

Maji ya mfereji ya Kisumu yanatoka ziwani na mtoni na husafishwa, lakini mabomba hukauka na watu hurudi kwenye visima vifupi, hasa Manyatta na Nyalenda, ambako vyoo vya shimo viko hatua chache kutoka kisimani. Kipindupindu kimeshapita hapa mara nyingi. Maji ya watoto ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kila siku, yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko na bomba, si ndoo inayochotwa kwa kikombe. Mdogo ndiyo kwanza anaanza chakula, na huu ndio umri ambao kuhara huwapata. Endelea kumnyonyesha. Huu si mwezi wa kumwachisha, hata kazi mpya ikibana namna gani.

Kuna jambo la meno ambalo nimelieleza mara nyingi. Visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, vina floraidi nyingi, na floraidi hutia madoa ya kahawia kwenye meno yanapoumbika ndani ya ufizi. Meno ya kudumu ya mbele ya msichana wako yameumbika akiwa Nakuru, lakini yataanza kutoka akiwa Kisumu, akigonga miaka sita au saba. Kama mlikuwa mkinywa maji ya kisima na yakatoka na madoa, usiilaumu Kisumu na usimsugue kwa mkaa. Yalishatiwa rangi zamani. Mwonyeshe daktari wa meno basi.

Ziwa watalipenda, na wapelekeni. Lakini mkubwa asiingie majini ufukweni, hata magotini, hata kama watoto wengine wanaogelea. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba kichocho, na hakina haja ya jeraha kuingia mwilini, hupenya ngozi nzima. Ufukwe wa Dunga nendeni mchana muone mashua na mle samaki, mtoke jua likiwa bado lipo, kwani viboko hutoka majini jioni kula majani.

Chakula usikibadilishe chote siku moja. Beba viazi na maharagwe ya wiki mbili za kwanza, mkubwa apate mukimo wake wakati kila kitu kingine ni kigeni. Kisha taratibu anzeni osuga, ambayo ni managu mnayoijua, na samaki asiye na miba midogo. Mdogo ndiye atakayefaidi haraka: omena zilizochambuliwa, zikakaushwa vizuri kwenye sufuria na kusagwa unga laini, kijiko kimoja kwenye uji au viazi vilivyopondwa, ni protini na kalsiamu ya bei ambayo Nakuru hukuwa nayo. Nunua soko la Kibuye asubuhi, uziguse: zikiwa kavu na hazina mchanga, chukua.

Uliandika kwamba hamjui mtu. Mtoto wako ndiye atakayewajulisha. Mjini hapa watoto hucheza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Dholuo, kwa hiyo hatakuwa bubu hata siku ya kwanza. Mfundishe mawili kabla hamjatoka Nakuru, "oyawore" la asubuhi na "erokamano" la kushukuru, na mwache awaamkie nayo akina mama wa ploti. Mtoto anayeamkia watu huku hupendwa upesi, na mama yake huletewa habari zote, kuanzia muuza maziwa wa kuaminika hadi daktari wa watoto. Muombe mwalimu amkalishe karibu na mtoto mmoja wa mtaa wenu, warudi pamoja. Wiki za kwanza atalia mlangoni. Mpe kwaheri fupi, mwambie utakuja baada ya uji wa saa nne au baada ya chakula, chochote kilicho kweli, na uje. Usitoroke akigeuka. Wengi hutulia ndani ya muhula huo. Kama baada ya miezi mitatu bado hali chakula, hachezi, hasemi na mtu nje ya nyumba, au bado anakojoa kila usiku, njoo naye kliniki, tutazungumza naye na kumpima.

Nyanya yake naye asiachwe mikono mitupu. Mwambie aje Septemba akae wiki mbili, kazi inapoanza na dada mpya wa nyumbani bado hamjamzoea. Naye alale ndani ya neti, na ukiwa unamweleza kwa nini, mweleze pia hili la mwisho, kwa sababu litamhusu yeye zaidi yenu. Desemba mtakapokwenda Njoro kwa Krismasi, mtoto akipata homa huko, hata wiki mbili au tatu baada ya kuondoka Kisumu, daktari wa Nakuru anaweza kuona mafua au koo, kwa vile wagonjwa wake wengi hawana malaria. Yeyote atakayempeleka hospitali aseme kabla ya kuulizwa: mtoto huyu anaishi Kisumu, mpimeni malaria.